Boila linapopasuka: majibu kwa wasomaji wetu kuhusu uchunguzi wa ajali

Baada ya toleo lililopita kuzungumzia matumizi ya mvuke viwandani, barua zilizotufikia hazikuuliza sana jinsi mvuke unavyotengenezwa, bali zilihoji kinachofanyika pale boila, yaani chombo cha kuchemshia maji yawe mvuke, linapopasuka na watu kufa. Mhandisi wa safu hii amechagua barua nne, na ya kwanza ameijibu kwa kirefu kuliko nyingine kwa sababu inastahili.

*Mhandisi, shikamoo. Kaka yangu alikuwa mwendesha boila katika kiwanda cha kukamua mafuta ya kula. Boila lilipasuka alfajiri akiwa zamu, naye akafariki siku ya tatu hospitalini kwa majeraha ya kuungua. Kamati ya kiwanda ilikaa siku mbili, ikatoa karatasi moja yenye maneno haya: "Chanzo ni uzembe wa mwendesha boila aliyeacha maji yapungue." Mama anaona kama mwanawe amezikwa mara mbili. Je, huo ndio uchunguzi? Msomaji, Morogoro.*

Marahaba, mdogo wangu, na poleni sana wewe, mama na nyumba nzima. Nakujibu moja kwa moja: hapana, huo si uchunguzi. Karatasi ya kamati ya kiwanda ni maelezo ya upande mmoja wenye maslahi katika jambo hilo, na hata kama kila neno lililomo lingekuwa kweli, lingekuwa mwanzo tu wa maswali. Hapa Tanzania mwenye dhamana ya kuchunguza ajali ya namna hiyo ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yaani OSHA, chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka 2003, na mkaguzi wake ana mamlaka ya kuingia kiwandani, kuhoji watu, kudai nyaraka na kuchukua vielelezo. Andikeni barua kwa ofisi ya kanda yenu, mkiuliza kama ajali iliripotiwa, ni mkaguzi gani aliyepewa jalada, na lini familia inaweza kupata matokeo.

Sasa tuyatazame hayo maneno "aliacha maji yapungue". Boila lililo katika hali nzuri halitegemei macho ya mtu mmoja aliyekesha. Lina kioo cha kupimia maji, na kwa kawaida vioo hivyo ni viwili ili kimoja kikidanganya kingine kiseme kweli. Lina king'ora cha kuonya maji yanaposhuka. Na lina swichi inayokata moto yenyewe maji yakishuka kupita kiwango cha hatari. Kwa hiyo mchunguzi akithibitisha kwamba maji yalipungua kweli, ndipo kazi yake inapoanza. Kwa nini pampu haikuleta maji? Kwa nini king'ora hakikulia? Kwa nini swichi haikukata moto, na kama ilikuwa imeungwa kwa waya ili isizimezime boila katikati ya uzalishaji, nani aliagiza iungwe, na tangu lini? Kaka yako alikuwa amekaa zamu ya saa ngapi, na je, alikuwa na cheti cha kazi hiyo au alihamishwa kutoka idara nyingine kwa sababu mwenye cheti aliacha kazi? Uchunguzi unaomalizikia kwa mwendesha boila umekatwa njiani, na ubaya wake haukomei kwenye jina la marehemu, kwa sababu swichi ile ile, kama ni mbovu, itabaki ukutani ikimsubiri kijana atakayechukua nafasi yake.

Nitakupa mfano wa uchunguzi ambao haukukatwa njiani. Tarehe 3 Aprili 2017, katika mji wa St. Louis nchini Marekani, pipa la chuma la kuhifadhia maji ya moto yenye presha, ambalo lilikuwa sehemu ya mtambo wa mvuke wa kiwanda cha maboksi cha Loy-Lange, lilifumuka kitako, likatoboa paa na kuruka zaidi ya mita 150 kabla ya kuangukia jengo la kampuni nyingine jirani. Mfanyakazi mmoja wa kiwanda alikufa papo hapo. Waliokufa katika jengo la jirani walikuwa watatu, na hao ndio wasionitoka moyoni, kwani walikuwa wameajiriwa tu na asubuhi hiyo walikuwa wakijaza fomu za kuanza kazi katika kampuni ambayo haikuwa na uhusiano wowote na mtambo ule.

Uchunguzi ulifanywa na Bodi ya Usalama wa Kemikali ya Marekani, chombo huru cha serikali ambacho hakitozi faini wala hakimshtaki mtu, na ripoti yake ilitoka mwaka 2022. Fikiria ingekuwa rahisi kiasi gani kuandika: "Wafanyakazi waliliona pipa likivuja Ijumaa, wakaliwasha Jumatatu." Na kweli ndivyo ilivyokuwa: uvujaji ulionekana Ijumaa tarehe 31 Machi, fundi akapangiwa kuja Jumatatu mchana, na Jumatatu asubuhi mtambo ukawashwa kama kawaida. Wachunguzi hawakuishia hapo. Walikipima kile kitako wakakuta kutu ilikuwa imekila chuma kwa ndani hadi kikawa chembamba. Wakarudi nyuma hadi mwaka 2012, pipa hilo lilipovuja na kutengenezwa kwa dharura, wakagundua kwamba mafundi walikata sehemu ya katikati iliyooza na kuchomelea bamba jipya, lakini wakaacha ukingoni pete ya chuma cha zamani ambacho nacho kilikwisha kulika. Wakauliza kwa nini kiwanda hakikuwa na utaratibu wa kufuatilia kutu ingawa kilijua tatizo hilo lipo. Wakauliza tena jiji lilikuwa wapi miaka yote hiyo, na mfumo wake wa ukaguzi nao ukakosolewa katika ripoti na kupewa mapendekezo. Pasingekuwa na maswali hayo, kosa lote lingebaki kwa watu wa zamu ya Jumatatu.

Kwa hiyo ombeni, kwa maandishi, mambo haya yaangaliwe: cheti cha mwisho cha ukaguzi wa boila, daftari la zamu la miezi ya karibuni, kumbukumbu za matengenezo na za kutibu maji, na mafunzo aliyopewa kaka yako. Kuhusu fidia, msiache madai yenu yangoje mabishano ya nani alikosa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, msingi wake ni kwamba ajali ilitokea kazini, si kwamba kosa la mwajiri limethibitishwa. Pelekeni madai mapema, na mwambieni mama kwamba karatasi ya ukurasa mmoja iliyoandikwa na kamati haiwezi kuwa hukumu juu ya mwanawe.

*Mhandisi, salaam nyingi. Mimi ni fundi wa maboila hapa Changamwe kwa miaka kumi na mmoja. Watu husema "maji yaliisha" au "presha ilizidi" kama vile walikuwa ndani. Boila likishapasuka na maji yote kumwagika, mchunguzi anajuaje kilichotokea? Fundi, Mombasa.*

Salaam, fundi mwenzangu. Chuma kina kumbukumbu nzuri kuliko binadamu, na nafurahi swali hili limetoka kwa mtu mwenye spana mkononi.

Tuanze na maji kupungua. Maji yakishuka chini ya paa la tanuri au chini ya mabomba ya juu, chuma kinachoguswa na moto hakina tena cha kukipoza. Kikifika nyuzi 600 hivi za Selsiasi kimekwisha kupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, hivyo hulegea na kubonyea kwenye upande usio na presha, yaani kuelekea kwenye moto. Ukiingiza tochi baadaye utaona juu rangi ya buluu na kijivu ya chuma kilichoungua, chini chuma chenye rangi yake ya kila siku, na kati yake mstari kama ule unaobaki ukutani baada ya mafuriko kupungua. Mstari huo ndio kimo cha maji dakika za mwisho. Mchunguzi huupima kwa rula, akaulinganisha na urefu wa kioo cha kupimia maji, na hapo hahitaji mtu wa kumsimulia.

Lakini kuna udanganyifu mmoja ambao umewaponza waendesha boila wengi. Chuma kinaweza kuungua huku boila likiwa limejaa maji, endapo ukoko wa chumvi na chokaa umeganda kwa ndani na kuzuia maji kukipoza. Tofauti yake ni kwamba uvimbe huwa ni wa mahali pamoja au pawili, pale ukoko ulipokuwa mnene, na hakuna mstari wa kimo unaozunguka. Wewe mwenyewe bila shaka umeshayagonga mabomba kwa nyundo na kuona magamba meupe yakidondoka kama ganda la yai. Mchunguzi anayejua kazi hukata kipande pamoja na ukoko wake, haupangusi, kwa maana ukoko huo unahamisha swali kutoka kwa aliyekuwa zamu kwenda kwa aliyepaswa kutibu maji. Maabara nayo huitazama chembe ya chuma kwa darubini, ambayo hubadilika umbo kwa joto, na hivyo kueleza kama chuma kiliungua kwa dakika chache au kwa miezi mingi.

Kutu huacha mashimo na kingo nyembamba. Ufa wa uchovu, unaotokana na chuma kukunjwa na kukunjuliwa kila boila linapopashwa na kupozwa, huacha kwenye uso wa mpasuko mistari inayofuatana, kama alama ambazo maji kupwa huacha mchangani; sehemu ya zamani ya ufa huwa nyeusi yenye kutu, na sehemu iliyovunjika siku ya ajali huwa inang'aa. Ukiona weusi umeshika theluthi mbili za mpasuko, jua kwamba ufa huo ulikuwepo kwa muda mrefu, na swali ni mkaguzi wa mwisho alitazama wapi.

Presha kuzidi hujulikana kwa vali ya usalama, ile inayopaswa kufunguka yenyewe na kutoa mvuke presha inapopita kiwango. Hiyo hufungwa ilivyokutwa, bila kusafishwa wala kulainishwa, ikapelekwa kwenye benchi na kupimwa inafunguka kwa presha gani. Geji inayoonyesha presha nayo hupimwa, maana geji inayosoma bar 7 wakati ndani mna 10 imeshamdanganya kila mtu.

Jambo la mwisho, fundi, ni kwamba si kila mlipuko wa chumba cha boila ni boila lililopasuka. Mafuta au gesi isiyoungua ikijikusanya tanurini kisha ikawaka kwa mpigo, milango ya tanuri hurushwa na mabati ya nje huvimba, lakini upande wa maji unaweza kubaki mzima kabisa. Wakati mwingine hata chumba cha boila hakihusiki. Tarehe 10 Septemba 2016 kiwanda cha vifungashio cha Tampaco huko Tongi, Bangladesh, kililipuka na kuua zaidi ya watu 30, na habari za kwanza zote zilitaja boila. Wakaguzi walipofika walikuta maboila yamesimama mazima, na uchunguzi ukaelekea kwenye gesi iliyovuja. Ndiyo maana mkaguzi mzuri hutamka chanzo baada ya kukiona chuma, si kabla.

*Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni msimamizi wa zamu katika kiwanda cha sukari. Boila likipata ajali, wakubwa hutaka pasafishwe upesi ili kazi irejee. Je, saa za kwanza nifanye nini kabla mkaguzi hajafika? Msomaji, Kisumu.*

Okoa watu kwanza, kata mafuta, umeme na mvuke, na uhakikishe hakuna kingine kitakachoanguka au kulipuka. Baada ya hapo funga mlango na usiruhusu kitu chochote kisogezwe. Kila kilichosogezwa kwa ajili ya uokoaji kiandikwe na kipigwe picha: vali gani ilifungwa, na nani, na ilikuwa katika hali gani kabla ya kuguswa. Fundi akifunga vali kwa nia njema bila kusema, mchunguzi atakuja kuamini kwamba ilikuwa imefungwa wakati wa ajali, na hitimisho lote litapotoka.

Ninalisema hili kwa uchungu. Nikiwa kijana, nikimfuata mkaguzi mzee kama msaidizi, tulifika kwenye kiwanda ambacho sitakitaja siku mbili baada ya boila kuua watu wawili. Sakafu ilikuwa imeoshwa inang'aa. Vipande vya chuma vilikuwa vimepangwa ukutani kwa ukubwa, kama kuni za kuuza, na hapakuwa na mtu aliyeweza kusema kipi kiliangukia wapi. Vali ya usalama tuliletewa juu ya gazeti ikiwa imefunguliwa, springi upande huu, kiti chake upande ule, vyote vimefutwa kwa mafuta ya taa. Yule mzee aliitazama kwa muda mrefu, akaikunja tena ndani ya gazeti bila kusema neno. Kitu kimoja tu kilikuwa kimesahauliwa na wasafishaji: koki ya chini ya kioo cha kupimia maji. Alipenyeza waya mwembamba, ukagoma, kisha ukatoa unga mweupe mgumu kama chaki. Kioo kilikuwa kimeziba. Maji yaliyoonekana kiooni hayakuwa maji ya boila, na yule aliyekuwa zamu alikuwa akiamini kitu ambacho si kweli. Tulichokipata siku ile kilitokana na bahati, na nadhani mengi zaidi yalikwenda na maji ya kuoshea sakafu.

Kwa upande wa sheria ya Kenya, yaani Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, ajali iliyosababisha kifo inapaswa kuarifiwa kwa afisa wa usalama na afya kazini ndani ya saa 24, na taarifa ya maandishi ifuate ndani ya siku 7. Wakati mnangoja, hifadhi daftari la zamu mahali pa kufungwa kwa ufunguo, chukua sampuli ya maji yaliyobaki kwenye tangi la kulishia boila, na uwaombe walioshuhudia waandike kila mmoja peke yake kabla ya kukaa pamoja na kuzungumza. Wakikaa jioni moja wakisimuliana, kesho yake utapata simulizi moja iliyonyooka, na zile tofauti ndogo ndogo ambazo mchunguzi huzihitaji zitakuwa zimepotea.

Na wakubwa wakikuuliza kwa nini unachelewesha kazi, waeleze kwamba maboila mengine ya kiwandani huenda yana kasoro hiyo hiyo. Kwenye presha ya bar 7 maji huwa na joto la nyuzi 170 hivi. Chombo kikifunguka ghafla, karibu sehemu moja ya nane ya maji hayo hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huo hudai nafasi mara 1,600 na zaidi ya ile iliyokuwa na maji. Kuwasha boila la pili kabla ya kujua la kwanza lilipasuka kwa nini ni kuwapeleka watu wale wale kwenye hatari ile ile.

*Mhandisi, shikamoo. Nasoma mwaka wa pili uhandisi mitambo. Kama uchunguzi haumfungi mtu, una faida gani? Na kwa nini ripoti itangazwe badala ya kupewa kiwanda husika peke yake? Mwanafunzi, Dar es Salaam.*

Marahaba, mwanangu. Kumshtaki mtu ni kazi ya polisi na mahakama, na sisemi isifanywe pale panapostahili. Lakini mtu anayejua kwamba kila neno lake litamrudia mahakamani husema machache, na yale machache hayatoshi kumwokoa mwendesha boila wa mji mwingine.

Historia yake iko Uingereza. Kwa miaka mingi ya karne ya 19 maboila yalipasuka, majopo ya wakaguzi wa vifo yakaandika kuwa ni ajali, na wapo waliodai kwamba ndani ya boila huzuka nguvu zisizoeleweka, za umeme au za gesi, ambazo binadamu hawezi kuzizuia. Sheria ya Milipuko ya Maboila ya mwaka 1882 ilimtaka mwenye boila kuitaarifu Bodi ya Biashara ndani ya saa 24, wahandisi wakatumwa kila mlipuko ulipotokea, na ripoti zikachapishwa. Zilipokusanyika, zile nguvu zisizoeleweka zikawa na majina ya kawaida kabisa: kutu, vali zilizokwama, mabamba yaliyochakaa.

Chukua pia kiwanda cha viatu cha Grover, mjini Brockton, Massachusetts, ambako tarehe 20 Machi 1905 boila lililipuka na kuua watu 58. Ufa ulikuwa umejificha chini ya kiungo ambacho mabamba mawili yalilaliana na kupigwa ribiti, mahali ambapo jicho la mkaguzi lisingeweza kufika hata angekuwa makini kiasi gani. Kwa kuwa jambo hilo lilijulikana hadharani, jimbo hilo lilitunga kanuni za maboila mwaka 1907, na chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, ASME, kikatoa kanuni zake za kwanza, toleo la mwaka 1914, ambazo vizazi vyake unavisoma leo darasani.

Kwetu hapa, Mei 2024, watu 11 walipoteza maisha katika kiwanda cha sukari cha Mtibwa, wilayani Mvomero, baada ya bomba la mvuke wa moto kupasuka. Ningependa kila mwanafunzi wa mwaka wako aweze kusoma ripoti za kiufundi za ajali za nyumbani, ukurasa kwa ukurasa, zikiwa na picha na vipimo, kama anavyoweza kusoma za kwingine. Kwa sasa anza na ile ya Loy-Lange niliyomweleza msomaji wa Morogoro. Inapatikana bila malipo kwenye tovuti ya bodi iliyoiandika, na ukifika sehemu inayoeleza kitako cha lile pipa, tafuta pete ya chuma cha zamani iliyoachwa mwaka 2012, kisha ufuatishe kwa kidole mahali mpasuko ulipopita.